Kuvunja laini hakufuti jina lako

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Napigiwa simu kila siku nadaiwa mkopo uliochukuliwa kwa laini nisiyoijua, wanasema imesajiliwa kwa jina langu. Nimebadili namba ya siri, kisha laini yangu nikaivunja kabisa. Kuna fundi hapa Ngamiani anasema kwa elfu hamsini atanifuta kwenye mfumo, ila nimpe picha ya kitambulisho cha NIDA. Nimpe?
Mama Z., Makorora, Tanga

JIBU: Usimpe, mama. Wala hela wala picha.

Ila kilichoniuma zaidi ni hiyo laini uliyoivunja. Sijui nani alitufundisha Watanzania kwamba tukitapeliwa tukimbilie kutafuna laini. Kile kipande cha plastiki hakina usajili wako ndani yake. Usajili uko kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, umefungwa na namba yako ya NIDA na alama za vidole vyako. Laini ya mwizi inaendelea kupiga simu na kukopa kama kawaida. Uliyoizima ni yako mwenyewe. Na ikikaa muda bila kutumika, kampuni inaweza kuigawa namba hiyo kwa mteja mwingine. Kama benki yako au WhatsApp bado inaitambua, msimbo wa kuthibitisha utamwendea huyo. Kwa hiyo kaichukue tena, namba ileile, kwenye duka la kampuni yenyewe.

Namba ya siri nayo haikuhusika hapa. Inalinda pesa zilizomo kwenye simu yako, haizuii mtu kufungua laini nyingine kwa jina lako.

Laini ikirudi, bonyeza *106# ufuate maelekezo. Utaona namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, za mtandao wako na za mitandao mingine. Usizozijua ziandike. Kisha nenda polisi, na hapa wengi hukosea: wanaomba karatasi ya upotevu. Wewe hujapoteza kitu, umetendewa kosa. Kutumia utambulisho wa mtu mwingine kumetajwa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo omba lifunguliwe jalada upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Usilale nalo, maana laini hiyo ikitumika kutapeli watu, jina litakalojitokeza kwanza ni lako. Ukiwa na RB na kitambulisho, kampuni husika wazifute hizo laini na wakupe uthibitisho. Wanaokudai waandikie barua ya kulikana deni, uambatanishe RB. Usilipe hata kidogo ili wakuache, utaonekana umelikubali.

Sasa huyo fundi. Hakuna fundi wa simu mwenye mlango wa kuingia kwenye mfumo wa NIDA au wa kampuni za simu, na kama yupo aliye nao, basi huyo ndiye wa kukamatwa. Anachokitaka ni picha, maana ina namba yako ya NIDA. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, na huwezi kuibadili kama nywila. Wiki ijayo atakuja mwingine wa “kusafisha jina” kwa laki moja, na wateja atawapata, maana watu wanapenda dawa ya haraka kuliko foleni ya kituoni.

Wizi wenyewe mara nyingi hauhitaji kompyuta. Mtu anaenda chini ya mwamvuli pale Mgandini kusajili laini, wakala anamwambia, “Kidole hakijasoma, weka tena.” Anaweka. Anaambiwa aweke tena. Kidole cha kwanza kilisoma vizuri, hicho cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine. Si mawakala wote, lakini wapo wa kutosha. Wengine wanaachia nakala ya kitambulisho steshenari, au wanaituma kwenye kundi la “nafasi za kazi bandarini” bila kujua nani yuko upande wa pili.

Ukiambiwa kidole hakijasoma, omba uone kioo cha simu yake kabla ya kuweka tena, akikataa, ondoka. Na ukishasajiliwa, bonyeza *106# palepale kwenye mwamvuli, yeye akikuangalia. Ikitokea namba mbili wakati umenunua moja, usitoke hapo bila kuchukua jina lake na namba yake ya uwakala.