Koma Zikijaa Ndani ya Orodha, Weka Nuktamkato

Juzi mdogo wangu mmoja aliyeko Newala, anayejitolea katika ofisi ya kijiji, aliniandikia: "Dada, naandaa orodha ya wajumbe, kila mtu na cheo chake na kijiji chake. Nikiisoma mwenyewe sielewi nani ni nani. Nifanyeje?" Nilimjibu palepale kwa mistari michache, lakini nikaona jambo hili linastahili makala nzima. Wengi wenu mnaonisoma mnahangaikia kazi hizi hizi za ukarani na ukatibu wa vikundi, na mnataka karatasi yenu ikifika mezani kwa mtu isirudishwe. Na mimi jambo hili limeshanigharimu kazi.

Jibu lenyewe ni hili. Orodha ya kawaida hutenganishwa kwa koma: korosho, ufuta, mbaazi na choroko. Haidai zaidi ya hapo. Ila kitu kimojawapo kikishakuwa na koma ndani yake, koma haiwezi tena kufanya kazi mbili. Iache ndani, halafu kati ya kitu na kitu weka nuktamkato, hii ;.

Sisi watu wa kusini tuna sababu yetu ya kuijua alama hii. Mtwara ni mji na ni mkoa; Lindi vilevile. Ukiandika "Masasi, Mtwara, Nachingwea, Lindi", umetaja sehemu mbili au nne? Hata sisi wenyeji tunakisia tu.

Kabla sijafungua steshenari yangu hapa Ligula, Mtwara mjini, nilikuwa karani wa msimu katika ofisi moja iliyogawa magunia ya korosho. Niliandaa barua ya mgawanyo, na sehemu ya kupeleka mzigo niliiandika hivi: "Masasi, Mtwara; Nachingwea, Lindi; na Newala, Mtwara." Sehemu tatu, haina utata. Mkuu wangu aliichukua, akashika kalamu nyekundu, akafuta kila nuktamkato mbele ya makarani wenzangu na wakulima waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri huduma. Akasema nimeleta mapambo kwenye barua ya magunia. Nikajaribu kumweleza. Akaniambia dereva si mwalimu wa Kiswahili, nichape upya kwa koma. Nikachapa nilivyoagizwa.

Lori liliondoka hapa mjini alfajiri. Anayeijua barabara yetu anajua kwamba ukifika Mnazi Mmoja njia inagawanyika: mzigo wa Masasi na Nachingwea unashika kushoto kuelekea Mtama. Dereva alitoa barua yake, akasoma, akaona Lindi imo, tena ndiyo ya karibu. Akanyoosha hadi Lindi mjini, akazunguka siku nzima akiulizia ghala la kupokea magunia ambalo hakuna aliyelijua. Simlaumu hata leo. Alisoma kilichoandikwa. Huko Nachingwea wakulima walikuwa wameshaanika korosho, wamezichambua, zimekaa kwenye sakafu hazina pa kutiwa.

Kikao cha tathmini kilipokaa ikasemwa karani ndiye aliyechapa. Rasimu yenye wino mwekundu haikuonekana tena kwenye faili. Msimu uliofuata sikuitwa. Linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Msidhani haya ni ya ofisi ndogo za huku kwetu. Kule Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst waliidai kampuni malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilitaja orodha ya kazi zisizolipiwa saa za ziada, koma kila mahali, lakini mwishoni ikaandikwa kwa pamoja kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au ni kufungasha kwa ajili ya kusambaza? Madereva wanasambaza tu, hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria haieleweki, ikawapa madereva haki. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Na wabunge wa Maine walipoirekebisha sheria ile, waliweka nuktamkato kati ya kazi na kazi. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya dukani kwa muda. Yale niliyoambiwa ni mapambo, wenzetu wameyaandika kwenye sheria.

Tena si lazima twende mbali. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 8. Aya ya (a), inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, ina koma katikati yake, kisha inafungwa kwa nuktamkato ndipo ije (b). Hiyo ni Katiba yetu, kwa Kiswahili chetu. Nani tena atuambie alama hii haituhusu?

Siku hizi vikundi vinaniletea mihtasari yao niichape, na sehemu ya waliohudhuria ndipo penye matatizo. Mfano: "mwenyekiti, mwalimu mstaafu, mhasibu, mjumbe wa Kitangari, mwakilishi wa wanawake na katibu." Bahasha za posho ziandaliwe ngapi? Mmoja atahesabu sita, mwingine nne, na kikundi kimeshaanza kununiana. Kumbe mwenyekiti ndiye huyo huyo mwalimu mstaafu, na mjumbe wa Kitangari ndiye mwakilishi wa wanawake. Andika: "mwenyekiti, mwalimu mstaafu; mhasibu; mjumbe wa Kitangari, mwakilishi wa wanawake; na katibu." Watu wanne, bahasha nne.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Kabla hujagusa kibodi, jiulize vitu ni vingapi, kisha ukimaliza hesabu nuktamkato zako: vitu vinne, nuktamkato tatu. Zikipungua, kuna wawili umewaunganisha. Ya mwisho iweke kabla ya "na", hasa kama ndani ya orodha kuna "na" nyingine, kama hapa: "salfa ya unga, mifuko 60, kwa Newala na Tandahimba; dawa ya maji, lita 40, kwa Masasi; na mabomba ya kupulizia, 12, kwa Nanyumbu." Ukianza na nuktamkato, endelea nayo mpaka mwisho, usirudi kwenye koma katikati ya safari. Kwenye simu nyingi utaipata ukibonyeza kwanza sehemu ya namba na alama. Na hesabu tena.

Vijana, msikubali kuambiwa kwamba usahihi ni maringo. Karatasi yako inasomwa na dereva, mtunza ghala, mkaguzi na mtu wa benki, na hakuna hata mmoja wao atakayekupigia simu kukuuliza ulimaanisha nini. Mkuu akifuta alama zako, mweleze kwa adabu, msomee sentensi kwa sauti, mwombe ahesabu mwenyewe. Akishikilia msimamo wake, chapa anavyotaka, lakini mwombe atie saini kwenye ile rasimu aliyoifuta, uweke tarehe, na nakala yake ukae nayo wewe.