Masuke ya Millet, Makopo ya Msimbazi

Swali la juma hili lilituuliza: ungepewa nafasi ya kuutengeneza upya mchoro mmoja mashuhuri kwa vifaa vya siku hizi, ungechagua upi, na kwa nini?

Ningechagua mchoro wa Jean-François Millet wa mwaka 1857, uliohifadhiwa Musée d'Orsay mjini Paris, unaoonyesha wanawake watatu wakiokota masuke ya ngano yaliyosalia shambani baada ya mavuno. Nilipouona mara ya kwanza, katika kitabu cha kuazima, nilimwona mama yangu. Kwa miaka mingi alitoka alfajiri kwenda kuokota makopo kandokando ya Mto Msimbazi, na mgongo ule ulioinama, mkono mmoja ukigusa ardhi na mwingine ukishika alichokwisha kuokota, nilikuwa nimeukariri tangu utotoni.

Ningeutengeneza juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo alivyoanza Edward Saidi Tingatinga hapahapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini nguo za wanawake nisingezichora hata kidogo. Ningezipanga kwa vifuniko vya chupa. Millet aliwafunga wawili vitambaa vya kichwa, kimoja cha buluu na kingine chekundu, na huku kwetu vifuniko vya maji aghalabu ni vya buluu na vya soda ni vyekundu, hivyo rangi zake zingerudi zenyewe, kutoka mikononi mwa wale wale wanaoinama.

Mbali kabisa, Millet aliweka marundo ya mavuno na msimamizi juu ya farasi. Hapo ningeweka viroba vya makopo na mnunuzi kando ya mizani yake, kwa udogo uleule, kwa sababu naamini ukuu wa kazi ile umo humo: wenye mavuno wako mbali, na wenye masazo ndio waliojaa mbele ya macho yetu. Ulipoonyeshwa mwaka huohuo wa 1857, wengi wa tabaka la juu hawakuupenda, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi.

Mwanamke wa tatu, yule wa kulia, hakuinama sana kama wenzake. Huyo ndiye mama. Yeye nisingemvika vifuniko, bali kipande cha kanga yake ya mwisho, ambayo dada yangu amekubali tuikate upande wa pindo tu, jina lake lisiguswe.