Baba Hazai, Lakini Uzazi wa Binti Una Mkono Wake

Makala iliyopita, iliyoeleza jinsi kromosomu za panya dume (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi) zinavyoathiri uzazi wa binti zake, imeleta maswali mengi. Leo nayajibu manne.

Dume hana ovari wala hanyonyeshi. Atampaje binti yake sifa asizokuwa nazo? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Anazo, ila kwake hazionekani. Panya wa nyumbani ana kromosomu 40, na panya jike hupokea 20 kutoka kwa mama na 20 kutoka kwa baba, nazo jeni zinazochangia wingi wa mayai, umri wa kupevuka na idadi ya watoto katika uzao mmoja zimetawanyika pande zote mbili. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua hili kwa vitendo, kwani ubora wa fahali hupimwa kwa maziwa ya binti zake. Nalisisitiza kwa sababu kwetu mwanamke akichelewa kupata mtoto huulizwa mama yake alizaa wangapi, na bibi mzaa baba hatajwi kabisa. Naliona hilo kuwa dhuluma kwa mama na kosa la kielimu pia.

Kromosomu ya X ya baba hufika kwa binti vipi? (Msomaji, Shela)

Watazame paka wa sokoni, pale mbele ya ngome ya Lamu. Paka jike mweusi akipandwa na dume la rangi ya machungwa, kwa kawaida watoto wa kiume hutoka weusi, na wa kike hutoka na mabaka ya rangi zote mbili, kwa kuwa jeni ya rangi hiyo imo katika X; jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja, na X hiyo moja ndiyo baba humpa kila binti, huku wana wa kiume akiwapa Y. Ndivyo ilivyo kwa panya. X hiyo baba aliipata kwa mama yake, na humfikia binti karibu nzima, bila kuchanganywa na Y isipokuwa nchani.

Kama jeni ni ileile, ikitoka kwa baba au kwa mama kuna tofauti gani? (Mwanafunzi wa sekondari, Faza)

Kwa jeni nyingi hakuna. Zipo chache, hata hivyo, ambazo hutiwa alama wakati mbegu au yai linapoundwa, na alama hiyo huamua nakala ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Mwaka 1984 wanasayansi McGrath na Solter nchini Marekani, na kundi la Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu, huko Cambridge, waliunda viinitete (mimba changa) vya panya vyenye kromosomu za upande mmoja tu. Vyenye za kike pekee vilikua kiasi lakini kondo lake lilidumaa. Vyenye za kiume pekee viliota tishu za kondo, na kiinitete chenyewe kikawa hafifu. Hakuna kilichozaliwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni jeni ya Peg3, ambayo hufanya kazi ikitoka kwa baba tu. Mwaka 1999 iliripotiwa kwamba panya jike waliorithi kwa baba nakala iliyoharibiwa walichelewa kujenga kiota, walizembea kuwarudisha watoto waliotawanyika na walishindwa kushusha maziwa vizuri, huku seli za ubongo zinazotoa oksitosini, homoni inayoshusha maziwa, zikiwa pungufu. Utafiti wa mwaka 2016, uliotumia nakala iliyoharibiwa kwa namna nyingine, haukuona kasoro hizo za ulezi, kwa hiyo mjadala ungali wazi.

Je, binadamu nao wako hivyo? (Mama wa mabinti wawili, Malindi)

Ndiyo, mama, upo mfano mmoja ulio bayana. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni ya MKRN3, ambayo hufanya kazi katika nakala ya baba tu, husababisha baadhi ya watoto kubalehe mapema mno, yaani kabla ya miaka 8 kwa msichana. Baba mwenyewe huenda hakuonyesha lolote, ikiwa aliirithi kasoro hiyo kwa mama yake. Binti akianza kuota matiti katika umri huo, mpeleke kwa daktari, na akiuliza habari za ukoo mweleze pia za upande wa baba: shangazi zake walivunja ungo wakiwa na umri gani, na baba alibalehe lini.