"Yet" si "bado" kila mahali

Barua nyingi za safari hii zinauliza neno moja la Kiingereza, "yet". Zimetoka kwa wanafunzi na kwa watumishi wanaoandika barua za ofisi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kongwa: Shikamoo. Niliandika "I am yet reading" nikimaanisha bado nasoma, nikakoseshwa. Mbona kamusi inasema "yet" ni bado?

Marahaba. Umekoseshwa kwa haki. Kosa lilianzia kwenye daftari, siku ulipoandika "yet" kushoto na "bado" kulia ukaona umemaliza. "Bado" yetu moja inafanya kazi nyingi, ambazo Kiingereza kimezigawia maneno tofauti. Jambo linaloendelea ni "still": "I am still reading". Jambo linalosubiriwa ambalo halijatokea ni "yet": "I have not finished yet". Kondakta pale stendi ya Nanenane akiita "bado mmoja tuondoke", hapo hakuna "still" wala "yet". Ni "one more". Na "bado dakika tano" ni "five minutes left". Walimu, acheni kuwakaririsha watoto orodha za neno kwa neno. Mpeni mtoto sentensi nzima, neno atalikuta humo likiwa kazini.

Karani, Chamwino: Lipi sahihi, "He didn't come yet" au "He hasn't come yet"?

Jiulize kwanza kwa Kiswahili: unataka kusema hakuja au hajaja? Hakuja ni habari iliyokwisha. Hajaja inaacha mlango wazi, maana huenda akatokea saa hii. Hiyo "-ja-" ndiyo "hasn't … yet". Kwa hiyo hajaja ni "He hasn't come yet", na hakuja jana ni "He didn't come yesterday", bila "yet" yoyote. Wanaokosa hapa wanajua Kiswahili vizuri kabisa, ila wanakiweka kando wakishika kalamu ya Kiingereza. Ni hasara kubwa, kwa sababu kanuni wanayo mdomoni tangu utotoni.

Wamarekani husema "Did you eat yet?" na kwao si kosa. Kwenye mtihani na barua rasmi za kwetu, andika "Have you eaten yet?"

Ukirudi nyuma kwenye wakati uliopita, "has" inakuwa "had". Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973. Ukieleza hali ya mwaka 1990 utasema serikali ilikuwa haijahamia. Wengi wanaikamata ile "ilikuwa" na kuandika "The government was not yet moved". Sivyo. "Ilikuwa haijahamia" yote kwa pamoja ni "had not yet moved".

Kuhusu nafasi yake: katika mazungumzo "yet" hukaa mwisho wa sentensi; katika maandishi rasmi hufuata "not" moja kwa moja. Usiitangulize ukaandika "has yet not come".

Mkulima wa zabibu, Hombolo: Kuna tofauti gani kati ya "The grapes are not ripe yet" na "The grapes are still not ripe"?

Ipo, na inaweza kukuharibia biashara. Ya kwanza ni taarifa tu: hazijaiva, muda wake haujafika. Ya pili inasema zilitakiwa ziwe zimeiva, na subira imeanza kuisha. Mnunuzi akiisoma hiyo ya pili atauliza shamba limepatwa na nini. Angalia pia mpangilio: "still" itangulie "not". Ukiandika "The grapes are not still ripe" umesema ziliiva na sasa zimeharibika.

Msomaji, Mpwapwa: Bosi ameniuliza "Haven't you finished?" nikajibu "Yes, not yet". Akachanganyikiwa.

Kiswahili hukubaliana na muulizaji: "Hujamaliza?" "Ndiyo, sijamaliza." Kiingereza hufuata ukweli wa jambo lenyewe: hujamaliza, basi "No, not yet".

Mwalimu, Bahi: "Although he was sick, yet he came" inakubalika?

Ondoa "yet". Na ukiwa hapo hapo, ondoa "lakini" katika "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", maana "ingawa" imeshafanya kazi hiyo.

Mzabuni mdogo, Dodoma mjini: Nimeandika barua ya madai: "I have not yet to receive my payment." Iko sawa?

Haiko sawa, na ndiyo sentensi inayobeba dai lako. "Have yet to receive" peke yake tayari ni sijapokea. Ama andika "I have yet to receive my payment", ama "I have not yet received my payment". Mimi ningechagua ya pili, kisha ningeweka namba ya ankara, tarehe ya kukabidhi mzigo na kiasi kinachodaiwa. Barua za madai nyingi huja na Kiingereza kizito bila hata tarehe moja, na mhasibu hana pa kuanzia.

Msomaji, Manyoni: "Yet" maana yake nini?

Soma jibu la kwanza.

Mwanafunzi wa chuo, Dodoma: "Until yet" ipo?

Haipo. Mpaka sasa ni "so far" au "up to now".