Tanuri halitaipa 5083 nguvu unayoitafuta

Ndugu, umeuliza kama mabamba ya 5083, aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini, yanaweza kuingizwa tanurini baada ya kuchomelewa ili yarudishe nguvu, au kama ni heri ngozi yote ya boti, yaani mabamba ya nje, ijengwe kwa 6061-T6, aloi nyingine iliyokwisha kutiwa nguvu kwa moto (T6 ni alama ya hali hiyo), kwa kuwa majedwali yanaipa namba kubwa zaidi. Nimechomelea vyombo vya alumini kwa muda mrefu, na jibu langu ni hapana kwa yote mawili.

Aloi ya 5083 ina magnesi ya asilimia 4.0 hadi 4.9 pamoja na manganizi kidogo. Atomu za magnesi ni kubwa kuliko za alumini, hivyo huuvuruga mpangilio wa fuwele na kuzuia tabaka zake zisiteleze. Nguvu nyingine huongezwa kiwandani, bamba linapobanwa na rola likiwa baridi. Tanuri haliwezi kuongeza chochote hapo, bali hufuta kazi iliyofanywa na rola. Aloi ya 6061 ndiyo inayotiwa nguvu kwa moto: hupashwa hadi karibu nyuzi 530 za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa saa kadhaa katika joto dogo, ili vijichembe vya magnesi na silikoni vijitenge ndani ya metali.

Sasa tazama kinachotokea chini ya tochi ya kuchomelea. 6061-T6 huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa takriban megapaskali 240, lakini ikichomelewa hushuka hadi chini ya nusu ya hapo. 5083-H116, yaani bamba lililobanwa na rola kwa matumizi ya majini, huanzia 215, na hata joto likiifuta kabisa kazi ya rola hubaki na takriban 125. Vipande vya majaribio vya 6061 nilivyovuta mpaka vikakatika, aghalabu havikatiki kwenye mshono. Hukonda kwanza kwenye ukanda wa pembeni, sentimita moja au mbili kutoka ukingo wa mshono, mahali ambapo kwa macho metali inaonekana nzima kabisa. Kwa hiyo piga hesabu zako kwa nguvu inayobaki baada ya kuchomelea, wala usidanganywe na namba ya bamba jipya.

Aloi zenye shaba nyingi, ingawa ni imara sana, usizifikirie kwa ngozi inayokaa majini, kwa sababu maji ya chumvi huzila.

Kama tatizo lako ni ngozi kuyumba, kubadilisha aloi hakutasaidia, kwa maana ukakamavu wa alumini zote ni karibu gigapaskali 70, theluthi moja ya chuma. Ongeza unene, au sogeza mataruma (mbavu za boti) yakaribiane. Mihimili ya 6082, aloi inayotiwa nguvu kwa moto kama 6061, inafaa kwa kazi hiyo, mradi viungo vyake viwekwe mbali na sehemu zenye mkazo mkubwa. Kwa 5083 tumia waya wa kuchomelea wa aloi ya 5183, na usugue utando wa oksidi kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, iliyotengwa kwa alumini peke yake.

Jambo la mwisho ni joto la kudumu. Aloi yenye magnesi zaidi ya asilimia 3 ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 65, magnesi hujikusanya kwenye mipaka ya fuwele, na huko ndiko ulikaji na nyufa huanzia. Alama ya H116 haizuii hilo milele, kwa hiyo karibu na bomba la moshi la injini weka kizuia joto au tumia aloi ya 5454, ambayo magnesi yake haizidi asilimia 3.