Inventeri ya Desemba inakumaliza? Anza na daftari

Dada, unasema inventeri (kuhesabu mali yote) ya Desemba hapo Lubumbashi inakurudisha nyumbani usiku, na asubuhi unaichukia ofisi. Usijiite mvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huo kuwa hali itokanayo na kazi: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, ufanisi kushuka.

Sheria ya kazi ya Kongo inaweka saa 45 kwa juma. Andika saa zako na kazi zako daftarini, kisha mwendee patroni (mkuu wako) asubuhi (jioni naye hana masikio) umwulize: kati ya kazi hizi, ipi ingoje Januari? Ukisema "nimechoka" tu, atakujibu kwamba Desemba kila mtu amechoka. Konje (likizo) iombe kwa maandishi, tarehe zikiwemo. Jumapili simu ya kazi izime.