Usidanganywe na sauti ya darasa zima

Mwalimu mgeni, ukikabidhiwa darasa la pili utawasikia watoto wakisoma ubaoni kwa pamoja, sauti zinatoka hadi nje, nawe utaona mambo yamenyooka. Nami niliona hivyo. Nilikuwa na mvulana aliyesoma ukurasa wa kitabu bila kukwama. Siku moja nikaweka kidole kwenye neno "ndizi", katikati ya mstari: hili je? Kimya. Kisha macho yakarudi juu kabisa, akaanza kunong'ona hadithi tangu mwanzo mpaka akaifikia ndizi. Ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa kusikiliza wenzake. Na mimi kwenye daftari lake nilishaandika "mvivu".

Hakuwa mvivu; alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno usiotokana na uvivu wala uhaba wa akili. Kwa Kiswahili hujificha. Silabi zetu husomeka zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kupatia, ila polepole mno, na akiandika anaangusha herufi: "kibanda" inakuwa "kibada". Kiingereza ndicho humuumbua. Kuchanganya b na d peke yake kusikutishe, wengi wa miaka sita hufanya hivyo. Kinachotia shaka ni hali isiyobadilika baada ya miezi ya kufundishwa vizuri. Kwanza apimwe macho na masikio, halafu ongea na mzazi taratibu. Mara nyingi utasikia, "Hata baba yake alikuwa hivyohivyo," maana jambo hili hutembea katika ukoo.

Wimbo wa ba, be, bi, bo, bu anaujua, usimpime nao. Uvuruge: bo, ba, bu. Mimi niliandika silabi kwenye vizibo vya soda, tukawa tunapiga makofi ya neno kwanza, ki-ba-nda, ndipo anatafuta vizibo vyake. Maneno marefu tuliyakata: ha-wa-ta-ni-subiri. Dakika kumi kila siku, si saa nzima Ijumaa.

Usimsimamishe asome mbele ya wenzake kwa kumshtukiza. Mpe aya jana yake. Sayansi muulize kwa mdomo, utashangaa anavyojua. Na maksi za sayansi usizikate kwa sababu ya tahajia, hata mwalimu wa taaluma akinung'unika.

Vizibo vioshe kwanza, halafu vigonge kwa jiwe viwe bapa. Kingo zake zinakata vidole.